Maswali yenu kuhusu meli Great Britain

Kwa nini Brunel, mhandisi Mwingereza aliyeibuni meli hii ya mvuke, aliacha magurudumu ya ubavuni akaweka propela?

Sababu kubwa ni makaa. Meli ya mvuke hung'oa nanga ikiwa imezama kwa uzito wa makaa, na kadiri inavyoyachoma ndivyo inavyoinuka. Gurudumu lililokaa vizuri majini siku ya kwanza, siku ya kumi linapapasa juu juu. Bahari ikichafuka ndiyo balaa: meli inalala upande, gurudumu moja linazama mno, jingine linazunguka hewani, na injini inateseka. Propela hukaa chini ya tezi (nyuma ya meli), majini. Mwaka 1840 meli ndogo Archimedes, iliyosukumwa na propela, ilifika Bristol, bandari ya Uingereza. Brunel aliifanyia majaribio, akabadili michoro na huku meli yake imeshaanza kuundwa. Uamuzi wa kijasiri sana.

Nguvu ilifikaje kwenye propela?

Kwa minyororo, kama baiskeli. Injini ya silinda nne, kila moja kipenyo cha sentimita 220 hivi, ilizunguka kama mara 18 kwa dakika. Propela ilitaka 53. Gurudumu kubwa la meno juu, dogo chini, mwendo ukawa karibu mara tatu. Kilichosumbua ni propela ya kwanza ya mapanga sita: mapanga yalikatika safarini, ikawekwa ya manne.

Ni kweli ilikwama mwaka mzima?

Karibu. Ilipanda mchanga Dundrum Bay, Ireland, Septemba 1846, ikanasuliwa Agosti 1847. Chini ilitoboka, lakini mataruma ya chuma yalihimili mawimbi ya majira ya baridi. Ya mbao yenye urefu ule, mita 98, ingebaki vipande. Kampuni yake ndiyo haikuhimili gharama, meli ikauzwa.

Mbona sasa imezungushiwa kioo?

Kwa ajili ya kutu. Ilizamishwa makusudi visiwani Falkland, Atlantiki ya Kusini, mwaka 1937, na mwaka 1970 ikaibuliwa, ufa wa ubavuni ukiwa umezibwa kwa magodoro, ikarudishwa Bristol kwenye gudi (bwawa kavu la kuundia meli) ileile ilimoundwa. Chumvi ilikuwa imepenya ndani ya chuma, na rangi haisaidii: kutu huendelea kula chini yake. Hewa ikikaushwa hadi unyevu wa asilimia 20 hivi, kutu husimama. Kioo kimewekwa usawa wa maji ili kuifungia hewa hiyo. Ukishuka chini yake unayaona mabamba, matundu na yote.