Je, 4294967297 ni namba tasa?
Hapana, si tasa, ila usijilaumu, Fermat mwenyewe, mwanahisabati maarufu, aliikosea. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1. Ukiweka vipeo 1, 2, 4, 8 na 16 unapata 3, 5, 17, 257 na 65537, zote tasa kweli, naye akaamini mtindo hauna mwisho. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati mwingine, akaonyesha kuwa hii ya sita ni 641 × 6700417.

Haigawanyiki kwa 2 wala 5, tarakimu ya mwisho inatosha kukuambia. Jumla ya tarakimu ni 59, kwa hiyo 3 nayo haimo. Utamu uko hapa: Euler alithibitisha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Sasa huhangaiki na tasa zote, unajaribu 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu! Zidisha 6700417 kwa 600, kwa 40, kwa 1, kisha jumlisha, uone kwa macho yako. Na hiyo 6700417 ni tasa, kwa hiyo vigawo vyote vya 4294967297 ni vinne, ukihesabu 1 na namba yenyewe.