Jibu: Kubadilisha ekzosi nzima nyumbani

Umeuliza kama ekzosi nzima ya gari (mabomba ya moshi) inabadilishika bila kuchomelea, na kwa nini nati za mbele, upande wa injini, zimegoma kufunguka. Inawezekana, mradi mabomba mapya yanaungana kwa flenji (bamba za mwisho wa bomba zinazofungwa kwa bolti) na klampu (vibanio vya bomba).

Nati hizo zimeshikwa na kutu kwa sababu ya joto. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, ndipo ujaribu kwa soketi ya pembe 6. Ya pembe 12 hula kona za nati. Nati ikisogea kidogo, irudishe nyuma kisha ifungue tena. Ukilazimisha, stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) inakatika kwenye manifoldi (sehemu inayokusanya moshi kutoka kwenye injini), na hapo kazi ya saa mbili inageuka ya siku mbili.

Gari likae juu ya stendi, kamwe si jeki peke yake. Chomoa waya wa sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni kwenye moshi) kabla ya kushusha bomba, la sivyo utaukata. Raba za kuning'inizia bomba zipake maji ya sabuni, zitateleza.

Kosa linalowaponza wengi ni kukaza kila kiungo papo hapo. Ning'iniza vyote vikiwa vimelegea, weka gasketi mpya (vizibo vya kati ya viungo), hakikisha bomba haligusi bodi wala ekseli, ndipo ukaze kuanzia mbele kwenda nyuma.

Washa injini mahali pa wazi, maana moshi huo unaua. Ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene sekunde chache: panapovuja patapiga mluzi. Injini ikishapoa, kaza tena klampu.