Msongo, mkazo na hizo "itikadi kali"

Swali: "Shikamoo mwalimu. Baba yangu mdogo moyo ulisimama, wakamkandamiza kifua akarudi, ila sasa anasahau sahau sana. Nimesoma mtandaoni eti baada ya hali hiyo ubongo huumizwa na 'msongo wa oksidi' na 'itikadi kali za bure'. Msongo huo ndo huu wa mawazo? Maana alikuwa na madeni na hapa nyumbani tumeanza kulaumiana."

Marahaba mwanangu, poleni sana. Naanza na madeni kwa sababu ndo yanawagombanisha: huo msongo uliousoma hauhusiani na mawazo kabisa, ni kemia ya ndani ya seli. Aliyetafsiri kakutana na stresi akachukua msongo, msomaji naye akisikia msongo anawaza kodi na ada. Mimi naandika mkazo wa oksidishaji. Oksidishaji ndo huo unaofanya msumari ushike kutu.

Na hizo itikadi kali za bure, jamani, tuziache. Itikadi ni imani ya mtu, na bure ni kitu usicholipia. Hapa tunazungumzia radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni iliyobaki peke yake haina mwenzake, kwa hiyo inapora ya jirani, na jirani naye anaenda kupora kwingine.

Sasa angalia zinatoka wapi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote, so moyo ukisimama na hakuna anayekandamiza kifua, ndani ya dakika chache tu seli zinaanza kufa, halafu moyo ukirudi damu inaingia na oksijeni kwa mkupuo, mitokondria, yaani vile vinu vya nishati ndani ya seli, zilishaumia zinashindwa kuitumia vizuri, ndo zinamwaga hizo radikali, na ubongo una mafuta mengi kwenye kuta za seli zake, ambayo ndo yanaporwa kirahisi. Hipokampasi, sehemu inayoshika kumbukumbu mpya, ni dhaifu sana kwenye hili, ndo maana wengi waliorudishwa wanasahau walichoambiwa asubuhi. Oksijeni wanapewa ila kwa kipimo, moyo ukisharudi madaktari hulenga damu ibebe asilimia 94 hadi 98 ya oksijeni inayoweza kubeba.

La mwisho, ukiandika habari zake usiseme "mshtuko wa moyo". Huo ni mshipa unaolisha moyo kuziba, na mtu anaweza kuupata huku moyo unadunda na anaongea. Mshtuko huo unaweza kuusimamisha moyo, ndiyo, ila ni vitu viwili. Fabrice Muamba, yule mzaliwa wa Zaire aliyeanguka London tarehe 17 Machi 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham, moyo wake ulisimama, dakika 78, na akili zake zikabaki timamu kwa sababu walimkandamiza kifua tangu uwanjani mpaka hospitali.