Re: Mkonga wangu unakataliwa bima kubwa, nipo Kasulu, nifanyeje?

Mkuu swali lako nimelielewa. Umenunua mkonga, yaani Land Cruiser hardtop yenye injini ya 1HZ, umeenda kwa wakala, bima ndogo (inayolipa uliyemgonga tu) anakukatia hata sasa hivi ila kubwa (inayolipa na gari lako) kila siku "tunasubiri majibu ya Dar" na majibu hayaji. Mimi nina mkonga kama huo hapa Kigoma mjini na nimeupitia mziki huo huo, sasa naona wachangiaji wa juu wanakwambia wakala anataka hela ya soda, achana nao, hiyo sio shida yako.

Iko hivi. Yule dada wa dirishani hana uamuzi, anatuma picha na kadi ya gari Dar, huko kuna watu kazi yao ni kuangalia gari gani wanaweza kulibeba na lipi litawatia hasara. Piga hesabu upande wao: gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni 3.5% ya thamani, juu yake VAT 18%. Gari la milioni 60 wanachukua milioni 2.1 ukiacha VAT. Likigongwa kuna matengenezo, au kuna skrepa ya kuuza, lakini likiibiwa halibaki hata nati, wanatoa hela yote. Halafu 1HZ ni dizeli ya pampu ya kimakanika, hardtop nyingi za zamani hazina hata ile chip ya kwenye ufunguo inayozuia injini kuwaka, spea zake zinaingiliana huku kote, na sisi tuko mpakani na Burundi, Manyovu pale, Ziwa Tanganyika pale. Ungekuwa wewe ungesaini haraka?

Na sio ushamba wa bongo. Marekani mwanzoni mwa 2023 State Farm na Progressive waligoma kuandika bima mpya kwa baadhi ya Kia na Hyundai kwenye baadhi ya miji, kisa magari hayo yalitoka kiwandani bila hiyo chip na vijana walishaoneshana kwenye TikTok namna ya kuyawasha. Afrika Kusini ukiwa na Hilux au Fortuner kampuni nyingi zinakwambia funga GPS (kifaa cha kufuatilia gari liko wapi) kwanza ndo tuongee.

Kwa hiyo usiende kuuliza "mnakubali au hamkubali", utajibiwa hapana. Uliza "mnakubali kwa masharti gani". Mimi mlango ulifunguka hapo, na pia niliacha wakala nikatumia broka, maana wakala anauza za kampuni alizosajiliwa nazo tu, broka faili moja analipeleka kampuni kadhaa, ikikataa hii inakubali ile. Faili lenyewe liwe limeshiba: kadi iwe na jina lako (kama bado inasoma jina la aliyekuuzia fanya transfa TRA kwanza, vinginevyo hata ukipewa bima siku ya kudai wataanza na hapo), ripoti ya valuesheni, picha za gari pande zote na namba ya chesisi, cheti cha GPS, na picha ya sehemu linapolala. Geti na mlinzi vinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Namba ya gari kwenye vioo na side mirror chonga pia, ni hela ndogo.

Sasa kipande cha wizi kwenye mkataba, hapa ndo naomba utulie usome mkuu, maana kupewa bima ni kitu kimoja na kulipwa ni kitu kingine kabisa. Wangu umeandikwa GPS lazima iwe inafanya kazi muda wote, sio ifungwe tu, ifanye kazi. Ile ina laini ndani, bando likiisha imekufa na wewe hujui, na ukiwa njia ya Uvinza kwenda Malagarasi mtandao unakatika mwenyewe, kwa hiyo nilimuuliza broka kwa maandishi mtandao ukikosekana porini inahesabikaje, akanijibu kwa barua pepe kwamba kinachoangaliwa ni malipo ya huduma kuwa hai. Ile barua pepe nimeitunza kuliko hata kadi. Ekses ya wizi (sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe) kwangu ni 10% ya thamani ukiwa na GPS, bila GPS 20%, yaani kwenye milioni 60 unaacha milioni 12 mezani. Na funguo zote mbili utaulizwa, kama umenunua gari lina ufunguo mmoja litaje mapema kwenye fomu, usisubiri siku ya tukio.

Kubwa zaidi, umesema unataka kulikodisha kwa watu wa miradi wanaoenda kambi ya wakimbizi Nyarugusu. Basi usikate bima ya gari binafsi, sema ukweli ni la kukodisha hata kama bei inapanda. Halafu ulizia wizi wa mtu uliyemkabidhi mwenyewe, dereva au mteja akapotea nalo, hiyo mikataba mingi haiulipi, wanasema hukuibiwa, ulimpa. Huo ndo wizi ninaouogopa mimi kuliko wa kuvunja kitasa. Mteja akisema anavuka Burundi, kadi ya njano ya COMESA inabeba madhara utakayomfanyia mtu wa kule, gari lako likiibiwa upande ule kadi hiyo hailipi, uombe bima yako iongezewe eneo kabla hajavuka.

Ikishindikana kote kuna ile ya katikati watu hawaiulizi, bima ndogo iliyoongezewa moto na wizi. Ukigonga mti ni juu yako ila likiungua au likiibiwa unalipwa, na hardtop kiukweli bodi unanyoosha hapo hapo mtaani, mimi naiona ina akili kwa gari la zamani. Ila nao wataulizia GPS vile vile. Ile ndogo tupu ya 118,000 haina wizi ndani, wakala asikuzungushe kwa maneno.

Ukilipa tu hakiki namba ya gari kwenye TIRA MIS (mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima) usome ni bima ya aina gani imeingizwa, isije ikawa umelipia kubwa mfumo unasoma ndogo. Na hao wa sasa wakiendelea kukaa kimya omba jibu kwa maandishi, wakikupa liweke hapa, hasa ukurasa wa masharti ya wizi, tuupitie.