Wifi haifiki aneksi? Ruta ya pili iwekwe kwa kebo

Lupango nyingi za hapa Lubumbashi zimejengwa hivi: nyumba kubwa mbele, aneksi nyuma, katikati uwanja wenye mwembe na tanki la maji. Modemu, ambayo ndiyo ruta ya kwanza, huwa sebuleni kando ya televisheni, maana ndiko fundi alikoingizia waya. Walio mbele wanatazama video bila shida. Walio aneksi wanatoka kukaa uani ndipo WhatsApp ifunguke.

Nimefunga ruta za ziada kwetu, kwa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, kule mtaa wa Bel-Air na kwa majirani, na ninaloshauri ni hili: ruta ya pili inafaa, ila iungwe na ya kwanza kwa kebo. Kile kidude cha kuchomeka ukutani ambacho wauzaji wa mjini wanakisifu, repetera, sikipendekezi kwa aneksi. Vingi vya bei nafuu vinapokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Tena watu hukichomeka kulekule ambako wifi imeshachoka, kikapokea uchovu na kuugawa.

Kabla ya kutoa pesa, jaribu kwanza kuhamisha modemu. Ipandishe juu ya kabati, mbali na friji na mlango wa chuma. Kisha pakua programu ya bure ya kupima wifi, utembee nayo chumba kwa chumba. Namba huonyeshwa kwa alama ya kutoa: kwenye -60 mambo ni safi, ikishuka kupita -80 hata ujumbe wa sauti unasuasua. Angalia pia kama simu iko kwenye 5 GHz, kwa sababu mawimbi hayo ni ya kasi lakini ukuta mnene wa matofali ya kuchoma unayameza haraka kuliko yale ya 2.4 GHz.

Ikishindikana, nunua kebo. Kebo ya mtandao inafika mita 100, na sijaona lupango ya kawaida inayozidi hapo. Uliza kama nyaya za ndani ni shaba tupu. Kuna nyingi za alumini iliyopakwa shaba, hukatika ovyo fundi akizikunja. Ipitishe ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa, isilale pamoja na waya wa umeme. Usiitundike hewani kutoka paa hadi paa: kuanzia Novemba hadi Aprili radi za hapa hazina huruma, na kebo ya juu inaweza kuunguza ruta zote mbili. Hata ikiwa chini, mvua kubwa ikianza mimi huchomoa.

Fundi akifunga fishi, yaani vichwa vya kuchomeka vya kebo, simama karibu uangalie rangi. Nyaya ni nane, na mpangilio uwe uleule pande zote mbili. Kwa kasi ya megabiti 100 nyaya nne tu zinatosha, ndiyo maana kebo iliyofungwa vibaya inaweza kuonekana nzima huku ikibaki kwenye 100 badala ya 1000.

Sasa ruta yenyewe. Ile ya zamani iliyolala kabatini inaweza kutosha, mradi kampuni ya mtandao iliyoitoa haikufunga mipangilio yake. Iunge na kompyuta peke yake kwanza, ufungue ukurasa wake kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko. Kama ya kwanza ni 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2, ukihakikisha namba hiyo haimo kati ya zile ambazo ya kwanza inagawa. Kisha zima DHCP. Hapa ndipo wengi wanakwama. DHCP ndiyo inayogawia simu anwani, na ndani ya nyumba mgawaji awe mmoja. Wakiwa wawili, simu inaweza kuonyesha imeunganishwa, lakini intaneti hakuna. Mwisho chomeka kebo kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani ya nyumba), si lile la WAN (la kupokea intaneti kutoka nje) ambalo mara nyingi lina rangi tofauti. Ruta mpya nyingi zina hali ya “Access Point” inayokufanyia kazi karibu yote hiyo.

Jina la wifi na neno la siri viwe sawa kwa zote mbili, simu itahama yenyewe. Chaneli, yaani njia za mawimbi ya wifi, ndizo zitofautiane: kwa 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11. Mpangaji akihama, badilisha neno la siri siku hiyohiyo.

Jirani mmoja alifurahi akidhani sasa amepata gigabaiti za ziada. Hapana, mama! Kifurushi ni kilekile, kitaisha mapema zaidi kwa sababu walaji wameongezeka.

Na umeme ukikatika, kumbuka kwamba ruta ya aneksi ikibaki hewani peke yake haina faida, intaneti inatoka kwa modemu ya mbele. Betri ndogo ya ruta ikiwa moja, iweke huko. Soma volti kwenye kibandiko kwanza: kuna ruta za 9 na za 12, na fishi zake zinaweza kufanana kabisa.