Mlio wa hatari wa tumbili: wa kuzaliwa nao au wa kujifunza?

Ni vyote viwili, ingawa si kweli kwamba mtoto wa tumbili hufundishwa kila mlio na mama yake. Utafiti wa Seyfarth, Cheney na Marler uliofanyika Amboseli, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1980, ulionyesha kwamba hata watoto hutoa milio tofauti kwa ajili ya chui, tai na nyoka, lakini huitumia ovyo: mlio wa tai hupigiwa ndege wa kila namna, na wakati mwingine hata jani linalodondoka. Kadiri wanavyokua ndipo mlio huo hubaki kwa tai wawindaji. Hata hivyo, kujifunza huku hutokana zaidi na kuwatazama wakubwa kuliko kusahihishwa nao.