Chunusi za mimba: maswali yenu, na kopo lisilo na jina

Maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya chunusi, na wengi mmeniomba "dawa kali" bila kutaja mimba ina miezi mingapi wala mnachopaka sasa. Nimeshasema na nasema tena: ukiwa mjamzito, anza na miezi ya mimba. Kwenye duka la dawa pia anza na hiyo, kabla hujataja chunusi.

*Shikamoo mama. Nina mimba ya miezi mitatu na uso umejaa chunusi ambazo sijawahi kuwa nazo hata nikiwa msichana. Nipake nini? (Uyole)*

Marahaba mwanangu. Homoni za mimba huzidisha mafuta ya ngozi, vitundu vinaziba na bakteria wanastawi humo. Osha uso asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, na vidole viache kuminya. Ukiona haitoshi, muulize mfamasia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Paka kidogo usiku kwenye vipele, na ujue kwamba inafifisha rangi ya foronya na kitenge. Asidi ya azelaiki nayo ni salama kwa mjamzito, na ninaipenda zaidi kwa ngozi zetu kwa sababu inasaidia na yale madoa meusi yanayobaki. Erithromaisini au klindamaisini ya kupaka aandike daktari, na itumike pamoja na benzoili peroksaidi ili bakteria wasijenge usugu. Dawa hizi huchukua wiki sita hadi nane kuonyesha kazi, kwa hiyo usibadilishe tyubu kila Jumapili.

*Chunusi nyingi ni dalili ya mtoto wa kike? (Makambako)*

Hapana.

*Muuza vipodozi alinichanganyia krimu, akasema ni ya asili. Kwa siku nne chunusi zimeisha na nimeng'aa. Mimba ina miezi mitano. Niendelee? (Mwanjelwa)*

Usiendelee, mwanangu. Chunusi haziishi kwa siku nne kwa majani ya asili. Kinachozima uvimbe haraka hivyo mara nyingi ni steroidi kali, klobetasoli au betamethasoni. Ukiiacha, vipele vinarudi kwa kishindo, unapaka tena, na ngozi inazidi kuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Steroidi kali ikipakwa kwa wingi wakati wa mimba imehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Kwenye mkorogo huohuo mara nyingi kuna haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ambayo zaidi ya theluthi yake huweza kupenya ngozi na kuingia kwenye damu. Au kuna zebaki, na hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Inaharibu figo za mama, inapita kondo la nyuma na kugusa ubongo wa mtoto unaojengwa. Hata baada ya kujifungua, mama humgusa mtoto kwa mikono ileile aliyopakia krimu.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulizitaka nchi zikomeshe vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni ifikapo 2020, na hapa kwetu vipodozi vyenye viambato hivi ni marufuku. Bado vinauzwa mchana kweupe. Nimeletewa kwenye dirisha la dawa kopo la mtindi lililoandikwa kwa kalamu neno moja, "usiku", na aliyelileta alikuwa na tumbo la miezi saba. Yule muuzaji alimwona hilo tumbo.

Wewe wa siku nne acha leo. Aliyepaka mwili mzima kwa miezi asiache kimyakimya, kwa sababu mwili uliozoea steroidi unahitaji uangalizi. Aende hospitali na kopo lenyewe.

*Rafiki alinipa vidonge vya chunusi alivyobakiza chuoni. Nimekunywa wiki mbili kabla sijajua nina mimba. (Iringa)*

Hukuniandikia jina la dawa, na jina ndilo swali lote. Kama lina herufi "retin" ndani yake, yaani isotretinoini, acha sasa hivi na uende hospitali leo. Dawa hiyo huharibu masikio, uso, moyo na ubongo wa mtoto, na anayetaka kushika mimba anatakiwa awe ameiacha angalau mwezi mzima. Kama ni doksisiklini, dawa ya kuua bakteria, acha pia, lakini tulia: madhara yake kwenye meno na mifupa ya mtoto ni ya kuanzia mwezi wa nne, na wiki mbili za mwanzo hazikupi sababu ya kuitoa mimba. Nalisema hili kwa sababu najua hofu inakowapeleka wasichana. Krimu za tretinoini na adapaleni nazo ziweke pembeni mpaka ujifungue.

*Nasikia vidonge vya damu vya kliniki vinaleta chunusi. Niviache? (Tukuyu)*

Usiviache hata siku moja. Damu yako na ya mwanao ni muhimu kuliko uso.

*Baridi ya Juni huku inapasua ngozi, napaka mafuta mazito uso mzima. (Njombe)*

Mafuta mazito yapeleke mikononi na miguuni. Usoni tumia losheni nyepesi, na vaa kofia hata kukiwa na baridi, kwa sababu jua la milimani ni kali na mimba inaleta madoa haraka.

*Nina vipele viganjani na kwenye nyayo, haviwashi. Ni chunusi za mimba? (Mafinga)*

Chunusi hazitoki viganjani. Inaweza kuwa kaswende. Kapime kesho kliniki, uende na mumeo. Sindano ya penisilini inamtibu mama na kumkinga mtoto. Na mwingine yeyote ambaye viganja na nyayo vinamwasha usiku bila vipele, hasa miezi ya mwisho, aende hospitali mara moja akapimwe ini.

*Mwanangu ana wiki tatu, ana vipele mashavuni. Nimpake nini? (Mbalizi)*

Maji safi tu. Vitaondoka vyenyewe. Akipata homa, vikitoa usaha au akikataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.